Nani Aketi Wapi? Fumbo la Kuketisha, Mpangilio wa Hadithi na Suala la Jibu Moja

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza aina mbili za mafumbo yanayochezwa kwenye simu ya mkononi. Aina ya kwanza humtaka mchezaji awaketishe wahusika kwenye viti kwa kufuata masharti ya kila mmoja wao. Aina ya pili humtaka apange wahusika na matukio mpaka hadithi ioane na anwani aliyopewa. Mifano yetu ni michezo miwili: Is This Seat Taken? uliotengenezwa na Poti Poti Studio ya Barcelona, Uhispania, na kutolewa mwezi Agosti 2025. Na Storyteller wa Daniel Benmergui wa Argentina, uliotolewa mwezi Machi 2023 kwa kompyuta na Nintendo Switch, kisha ukaingia kwenye simu baadaye mwaka uo huo.

Huenda msomaji akauliza jarida la uhakiki wa fasihi lina haja gani na michezo ya simu. Swali hili ni la haki, nasi hatukusudii kulijibu kwa kudai kwamba kila kinachochezwa ni fasihi. Dai letu ni dogo zaidi. Mafumbo haya yanaweka wazi, mithili ya nyumba ambayo haijakandikwa, kiunzi cha jambo ambalo sisi walimu wa fasihi hulifanya kila siku bila kulitazama: kuamua ni masharti gani yanayoufanya usomaji mmoja uwe sahihi na mwingine uwe kosa. Tutaanza na usuli mfupi, kisha tutatatua hatua moja ya kuketisha, tuitazame kazi ya kulinganisha hadithi na anwani, na mwisho turejee nyumbani, kwenye kitendawili na katika chumba cha mtihani.

2.0 Usuli wa Mafumbo ya Mpangilio

Fumbo la kuketisha halikuzaliwa na simu. Mwaka 1891 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas aliuliza ni kwa njia ngapi wanandoa kadhaa wanaweza kuketishwa kuzunguka meza, wanaume na wanawake wakipishana, bila mume yeyote kuwa kando ya mkewe. Desemba 1962 jarida la Life International lilichapisha fumbo lililokuja kujulikana kama fumbo la punda milia: nyumba tano mstarini, wenyeji wa mataifa matano, vinywaji, wanyama na sigara zao, kisha maswali mawili: nani anakunywa maji, na nani anafuga punda milia? Mhakiki wa fasihi hana budi kuona kwamba maji na punda milia havitajwi mahali popote katika vidokezo. Vinazuka kwenye swali. Mtatuzi huvifikia kwa kuuona upungufu ulioachwa katika mpangilio, yaani lile ambalo Wolfgang Iser, katika nadharia yake ya upokezi, analiita pengo.

Pwani yetu nayo ina fumbo la kuvusha chui, mbuzi na majani, ambamo anayeachwa na nani ni jambo la kufa na kupona. Jamii nyingi za ulimwengu zina fumbo la namna hii kwa wanyama tofauti. Kwa hiyo, tunapomwona kijana ameinamia simu akihamisha maumbo madogo kutoka kiti hadi kiti, tusiharakishe kusema kwamba amepotelewa na mila. Anafanya kazi ya akili ambayo wazee wake waliifanya kwa mdomo. Yaliyobadilika ni mambo mengine, nayo tutayataja kwa mahali pake.

3.0 Hatua Moja ya Kuketisha

Wahusika wa Is This Seat Taken? ni maumbo ya kijiometri yaliyotiwa nyuso na tabia. Kila mmoja ana matakwa: huyu anataka dirisha, yule hataki kelele, mwingine anataka kuwa karibu na rafiki yake. Mchezo hauna saa inayomkimbiza mchezaji. Kuna msuko mwembamba unaounganisha hatua, unaomhusu Nat, umbo linalotamani kuwa mwigizaji, lakini uzito wa mchezo uko katika hatua zenyewe.

Ili tusimharibie msomaji raha ya kuzitatua, tumeunda hatua yetu kwa kufuata kanuni za mchezo huu. Chukulia benchi moja la viti vitano katika chumba cha kungojea. Kiti cha 1 kiko dirishani na cha 5 kiko mlangoni. Wahusika ni watano: Mzee, Msichana, Kijana, Mvuvi na Mpiga tarumbeta. Masharti ni haya:

(a) Mzee anataka kiti cha dirishani.
(b) Mzee hataki kuketi kando ya mwenye kelele wala mwenye harufu kali.
(c) Mvuvi ndiyo kwanza atoke baharini, ananuka samaki.
(d) Mpiga tarumbeta ana kelele, naye anataka kiti cha mlangoni.
(e) Kijana anataka kuketi kando ya Msichana.
(f) Msichana hataki kuketi kando ya mwenye harufu kali.

Watu watano wanaweza kuketi kwenye viti vitano kwa njia 120. Hata hivyo, mtatuzi hahitaji kuzijaribu zote. Mzee ni wa 1 na Mpiga tarumbeta ni wa 5. Vinabaki viti vya 2, 3 na 4. Kwa kuwa Kijana na Msichana lazima wapakane, Mvuvi hawezi kuketi kati yao kwenye kiti cha 3. Atakuwa wa 2 au wa 4. Kiti cha 2 kinapakana na Mzee, asiyetaka harufu. Basi Mvuvi ni wa 4. Atakayeketi kiti cha 3 atapakana na Mvuvi, na Msichana amekataa. Kwa hiyo Kijana ni wa 3 na Msichana ni wa 2. Jibu ni moja: Mzee, Msichana, Kijana, Mvuvi, Mpiga tarumbeta.

Mpaka hapa tumefanya hisabati. Uhakiki unaanzia pale tunapoyainua macho kutoka kwenye masharti na kulitazama benchi. Kijana ameketi katikati ya Msichana na Mvuvi. Ameubeba ule uvundo wa samaki ili asiubebe mwingine. Hakuna sharti lililosema kwamba Kijana anampenda Msichana kiasi hicho. Sharti (e) lilisema tu kwamba anataka kuwa kando yake. Hakuna aliyesema kwamba yuko tayari kuumia. Jambo hilo limezaliwa na mpangilio, nasi tumelisoma humo. Huu ndio utendaji wa maana katika kazi ya sanaa: vipashio vinapokaa mahali fulani, husema zaidi ya vinavyosema vikiwa peke yake.

Sasa tuiondoe nusu ya pili ya sharti (d). Mpiga tarumbeta ana kelele zake, lakini hajali ataketi wapi. Kiti cha 2 hakiwezi kuwa chake wala cha Mvuvi, kwa sababu ya Mzee. Basi Kijana na Msichana watachukua viti vya 2 na 3, na majibu yatakuwa matatu:

Kwanza: Mzee, Kijana, Msichana, Mpiga tarumbeta, Mvuvi.
Pili: Mzee, Msichana, Kijana, Mvuvi, Mpiga tarumbeta.
Tatu: Mzee, Msichana, Kijana, Mpiga tarumbeta, Mvuvi.

Katika mpangilio wa kwanza, Kijana amejipenyeza kati ya Mzee na Msichana. Tukisoma kwa macho ya jamii zetu, tutashuku kuwa kuna posa inayonong'onwa, na kwamba Msichana ameachwa apigiwe tarumbeta sikioni wakati wanaume wawili wanazungumza habari zake. Katika wa pili Kijana anastahimili harufu kwa ajili yake. Katika wa tatu anamkinga na kelele. Wahusika ni wale wale, matakwa ni yale yale, lakini mahusiano ni matatu na kila moja lina maadili yake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kati ya njia 120, tatu zinakubalika na 117 hazikubaliki. Kuwapo kwa majibu mengi si kuwapo kwa majibu yoyote. Tunaomba msomaji aishike nambari hiyo ndogo, tatu, maana tutaihitaji mbele.

Mchezo huu una mpaka wake kifasihi, na haifai kuuficha. Matakwa ya wahusika hayabadiliki. Mzee hawezi kushawishiwa avumilie tarumbeta kwa kuwa mpigaji ni mjukuu wa rafiki yake. Msichana hawezi kugundua kwamba Mvuvi ana hadithi tamu kuliko za Kijana. Hakuna mazungumzo wala majuto. Mhusika ni orodha ya masharti yaliyovishwa uso, na hatua ikikamilika kila mtu ameridhika. Riwaya huanzia pale ambapo matakwa ya watu hayawezi kuridhishwa yote kwenye benchi moja.

4.0 Hadithi Inayotafuta Anwani Yake

Storyteller unakwenda hatua moja mbele. Mchezo umejengwa kama kitabu. Kila ukurasa una anwani juu na visanduku vitupu chini yake. Mchezaji hupewa mandhari kadhaa na wahusika kadhaa, naye huvipanga katika visanduku mpaka matukio yaitimize anwani. Wanaisimu waliofuata nyayo za Saussure watatambua mara moja mihimili miwili: mhimili wa uteuzi, ambapo mchezaji huchagua nani aingie kisandukuni, na mhimili wa mfuatano, ambapo kisanduku hutangulia au hufuata kingine.

Tofauti kubwa na fumbo la kuketisha ni kwamba wahusika wa Storyteller wana kumbukumbu. Yaliyowapata katika kisanduku cha kwanza huongoza watakavyotenda katika cha tatu. Chukulia anwani inayotaka mtu auone mzimu wa mpenzi wake. Mchezaji akiweka ndoa ya Edgar na Lenora, kisha kifo cha Lenora, kisha Edgar mbele ya mzimu, hadithi inasimama. Akianza na kifo, ndoa haiwezekani, na Edgar hana wa kumlilia. Aliyefariki ni mgeni kwake. Vipengele ni vile vile vitatu, lakini ukivipindua umeondoa uhusiano wa sababu na tokeo, na huzuni yenyewe imetoweka. Nadharia za msuko tangu Aristotle zimesisitiza kwamba mfuatano wa matukio hautoshi bila ulazima unaoyaunganisha. Mwanafunzi anaweza kulikariri hilo kwa miaka mitatu asilielewe, na akalielewa kwa kuhamisha kisanduku kimoja kwa kidole.

Aidha, mchezo huu ni kielelezo kizuri cha urasimi wa Vladimir Propp, ambaye katika utafiti wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928 alibainisha majukumu 31 yanayofuatana kwa utaratibu maalumu. Kwa Propp, anayetenda anaweza kubadilika, lakini tendo na nafasi yake katika mfuatano ndivyo vinavyoijenga ngano. Storyteller humpa mchezaji nafasi ya kulijaribu dai hilo, na pia ya kuuona udhaifu wake. Kwa kuwa wahusika wana kumbukumbu na hulka, si kila mtu anaweza kutenda kila tendo. Anayetenda naye ni sehemu ya msuko.

Kuna kasoro mbili ambazo mhakiki hana budi kuzitaja. Kasoro ya kwanza ni kwamba ulimwengu wa mchezo huu ni wa akiba moja ya masimulizi. Kasri, joka, mnyonya damu, na majina kama Edgar na Lenora yenye mwangwi wa Edgar Allan Poe, vyote vyatoka kwenye ghala la utanzu wa kutisha na wa mahaba wa Ulaya na Marekani. Mchezaji anayetatua ukurasa huongozwa na anayoyajua tayari kuhusu ghala hilo. Aliyelelewa na ngano za sungura na fisi atatatua pia, lakini atakuwa akijifunza desturi za wageni huku akidhani anatumia mantiki tupu. Hatusemi hili kwa kulalamika. Kila fumbo hutegwa ndani ya utamaduni, na lile linalojiona halina utamaduni ndilo linalohitaji kuhakikiwa zaidi.

Kasoro ya pili inahusu anwani. Katika fasihi, anwani hutoa ahadi ambayo kazi inaweza kuitimiza, kuigeuza, hata kuikejeli. Katika Storyteller anwani ni hakimu: hadithi isiyooana nayo haihesabiwi, hata ikiwa nzuri. Mchezaji hutunga njiani vijihadithi vingi vya kuchekesha na vya kusikitisha, na mchezo huviigiza vyote mbele yake kabla ya kuendelea kungojea ile inayotakiwa. Hata hivyo, tuupe mchezo haki yake. Baadhi ya kurasa hukubali njia zaidi ya moja ya kuifikia anwani, na hadithi zilizokataliwa haziadhibiwi. Zinatazamwa, kisha zinapangwa upya. Laiti madaftari ya wanafunzi wetu yangepewa subira kama hiyo.

5.0 Kitendawili, Mtanziko na Mwongozo wa Kusahihisha

Kutokana na kauli hiyo ya mwisho, sina budi kuiacha nafsi ya "sisi" kwa aya chache nieleze kosa langu mwenyewe. Miaka ishirini na ushei iliyopita, kabla ya kuja chuoni, nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari. Niliwapa wanafunzi jaribio la vitendawili. Kimoja kilikuwa kile kinachojulikana na kila mtoto: nyumba yangu haina mlango. Mwongozo wangu ulisema "yai". Msichana mmoja aliandika "kaburi". Nilimkata kwa wino mwekundu, nikampa sufuri, nikaendelea na daftari lililofuata. Baadaye niliambiwa na mwalimu mwenzangu kwamba muhula ule alikuwa amemzika mama yake.

Sisimulii haya ili kuomba huruma ya msomaji, wala sisemi kwamba msiba humpa mwanafunzi alama. Nasema kwamba jibu lake lilitimiza masharti yote ya kitendawili. Kaburi ni nyumba, tena lugha yetu yenyewe huliita hivyo tunaposema nyumba ya milele. Halina mlango. Kama angeandika "gari" au "chungwa", sufuri ingekuwa haki yake, kwa kuwa gari lina mlango na chungwa si rahisi kuliona kama makao ya mtu. Yeye alikuwa miongoni mwa wale watatu, nami nilimhesabu pamoja na 117.

Turejee kwenye hoja. Huenda pakatokea pingamizi kwamba kitendawili kimapokeo kina jibu moja lililowekwa na jamii, na kwamba kulikubali jibu jingine ni kuibomoa mila. Ni kweli kwamba jibu la kimapokeo lina hadhi yake. Lakini tuutazame utendaji wenyewe. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!" Hadhira ikishindwa, mtegaji huomba mji. Hupewa mji, akaukataa akitaka mwingine, akapewa anaoupenda, akajisifu jinsi alivyokaribishwa huko, ndipo akatoa jibu. Kushindwa kunalipiwa, lakini kunalipiwa kwa mazungumzo na kicheko, na anayeshindwa leo ndiye anayetega kesho. Jibu hutolewa mbele ya watu, na watu wanaweza kubisha.

Linganisha na desturi iliyozagaa katika michezo mingi ya simu isiyolipiwa, ambapo mchezaji aliyekwama hupewa kidokezo baada ya kutazama tangazo la biashara. Hapo pia kushindwa kunalipiwa, lakini mji unakwenda kwa mwenye tangazo, na mchezaji hana wa kubishana naye. Linganisha tena na karatasi ya mtihani: mwanafunzi hatoi mji wala haelezwi jibu, hupoteza alama na kunyamaza. Kwa upande huu mtihani wetu unafanana zaidi na mashine kuliko unavyofanana na kitendawili unaodai kukipima.

Isitoshe, masimulizi ya Kiafrika yana utanzu mzima uliojengwa juu ya kukosekana kwa jibu moja. Ni hadithi za mtanziko, ambazo William Bascom alizikusanya na kuziainisha katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mfano unaojulikana sana ni wa ndugu watatu: wa kwanza ana kioo kionacho mbali, wa pili ana chombo cha kusafiria kwa kasi, wa tatu ana dawa. Kwa kioo wanamwona binti anakufa, kwa chombo wanamfikia, kwa dawa wanamponya. Nani amwoe? Mtambaji hunyamaza hapo, na hadhira huanza. Hili nalo ni fumbo la kulinganisha: nani awekwe kwenye kiti kilichobaki kando ya binti. Masharti yametolewa, viti vinaonekana, lakini masharti hayatoshi kutoa jibu moja. Sharti linalopungukiwa ni lile ambalo hadhira inapaswa kulileta yenyewe, yaani mizani yake ya haki. Na mara nyingi kuna mwanamke pembeni atakayeuliza swali ambalo hakuna ndugu aliyelifikiria: je, binti mwenyewe ameulizwa?

Kwa hiyo tunaweza kuzipanga tanzu hizi kwa idadi ya masharti. Fumbo la kuketisha lina masharti ya kutosha kutoa jibu moja. Kitendawili kina machache zaidi, na jamii huziba upungufu kwa mapokeo. Hadithi ya mtanziko huyapunguza makusudi. Mwishoni kabisa ziko kazi kama Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, ambamo msomaji hupewa njia nyingi zinazoingiliana na hakuna anayemngojea mwishoni akiwa na ufunguo. Anayeziendea kazi hizi kwa mazoea ya fumbo la kuketisha atachoka na kuzilaumu. Anayeliendea fumbo la kuketisha kwa mazoea ya Mzingile hatalitatua kamwe. Usomaji mzuri ni kutambua kwanza ni masharti mangapi yaliyowekwa mezani, na ni mangapi tuliyoyaongeza sisi wenyewe kwa mazoea.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba fumbo la kuketisha, licha ya ufinyu wa wahusika wake, huonyesha jinsi maana inavyozaliwa na mpangilio. Na kwamba fumbo la kulinganisha hadithi na anwani huonyesha kazi ya sababu, kumbukumbu na mfuatano katika msuko. Tumeona pia kwamba michezo yote miwili hubeba mipaka: ya kwanza huwanyima wahusika mabadiliko, ya pili huifanya anwani kuwa hakimu.

Tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. Kwanza, somo la msuko katika mwaka wa kwanza lianze kwa mpangilio unaoshikika kwa mikono, kwa simu au hata kwa vipande vya karatasi, kabla ya istilahi. Pili, na hili ni zito zaidi, kila anayeandaa mwongozo wa kusahihisha aandike kando ya jibu lake masharti yanayolifanya liwe sahihi. Akishayaandika, ajiulize ni majibu gani mengine yanayoyatimiza. Kazi hii ina gharama. Itapunguza kasi ya kusahihisha, na wenye mabunda ya karatasi mia tatu watanung'unika kwa haki. Lakini bila ya kuifanya hatuwezi kujua, tunapochora mstari mwekundu, kama tumemkata mwanafunzi aliyekosea au tumemkata aliyeona kiti ambacho sisi hatukukiona.